Susu Aliniambia Nipige Nduru

Kwetu Ikutha, mwanamke akilia wakati wa kujifungua atasemwa kisimani mpaka mtoto aote meno. Mama yangu alituzaa sote bila kutoa sauti, na alijivunia hilo kuliko mbuzi wake. Kwa hiyo, kwa mimba yangu ya kwanza, nilipofika leba niliuma pindo la leso nikanyamaza. Sista alipita, akaniona nimetulia, akaenda kwa waliokuwa wakipiga kelele. Aliporudi mtoto alikuwa anatoka, na hakuwa na uhai.

Mimba ya pili nilikaa nayo kwa hofu tupu. Mume wangu, dereva wa lori, alinipigia simu akiwa Mtito Andei. "Tafuta mtu wa kukaa na wewe huko leba," akasema. Nikamwendea susu, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kikamba, ajuza jirani yetu aliyekuwa mkunga zamani. Siku hizi hazalishi nyumbani. Humsindikiza mama hospitalini na kukaa naye mpaka mwisho. Ni mkali. Mimi pia si mpole, basi tulielewana kwa kugombana.

Uchungu ulinishika asubuhi nikichagua ndengu. Kufika leba, susu akanitembeza, akaninywesha uji, akanisugua kiuno.

"Pumua. Usijikaze."

"Sijikazi!"

"Aiya! Na hayo meno yamefungana kama ya mbuzi aliyekataa dawa?"

Nusura nimtukane. Tumbo likashika tena, nikaitia leso mdomoni. Akainyakua.

"Leo hatunyamazi. Ukihisi kusukuma, piga nduru sista asikie."

"Mama yuko hapo nje, susu. Naona haya."

"Mama yako! Unajua nani alimfundisha kunyamaza? Ni mimi. Siku ulipozaliwa wewe, mtoto wake wa kwanza, nilimziba mdomo kwa mkono huu, nikamwambia asimwaibishe mumewe. Nilikuwa mjinga, mjukuu wangu."

Nilimtazama. Nilimkumbuka mwanangu wa kwanza, amefungwa kwenye leso ileile niliyokuwa nimeiuma, na hasira ikanijaa hadi kooni. Hapohapo nikahisi mtoto anashuka. Nikapiga nduru. Nilimpigia susu, nikampigia mama, nikawapigia wote wa kisimani.

Sista alikuja mbio. Kutazama tu, akasema, "Kitovu kimemzunguka shingo. Usisukume!"

Usisukume! Mwili wote unasukuma, nitauzuiaje? Susu akanishika mashavu.

"Niangalie mimi. Puliza, kama unawasha moto wa kuni mbichi. Puliza."

Nikapuliza. Sista akakipitisha kitovu juu ya kichwa cha mtoto.

"Sasa sukuma!"

Alitoka msichana, rangi ya bluu, kimya. Kimya kile nilikuwa nakijua. Nikasema, Ngai, Mungu wangu, si tena, tafadhali si tena. Sista alimsugua mgongo kwa taulo, akamsugua tena.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa ugomvi, kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Mama aliruhusiwa kuingia. Akampokea mjukuu wake, akaanza kumbembeleza upesi upesi, "Nyamaza, mama. Nyamaza, watu wanasikia."

Susu akamwekea mkono begani. "Mwache alie," akasema. "Nilikudanganya."

Mama alituangalia, susu kisha mimi. Akaketi kando ya kitanda changu, mtoto mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia mama akilia kwa sauti.