Kamba ya Akida Shamte

Mwaka mmoja kabla ya Vita vya Maji Maji, Akida Shamte aliamka na akili. Halikuwa jambo lililomtokea mara kwa mara, kwa hiyo Masasi nzima ililazimika kuliheshimu. Aliwaita maseremala watano, kutoka Lukuledi hadi Mnyambe, wamtengenezee mashine ya kuchambua pamba, magogo mawili yanayobana pamba na kuziacha mbegu nje. Kila mmoja alipewa vipande viwili tu vya kuchonga. Vipimo vilikuwa kwenye kamba moja ya magome yenye mafundo, nayo ilizungushwa kijiji kwa kijiji.

Wa kuviunganisha alikuwa Nurdini, fundi wa milango wa Mkomaindo, mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Akida alimwahidi kwamba mashine ikichambua Ijumaa mbele ya Bwana Mdachi, Mjerumani wa serikali, basi mkewe Nurdini, Mwanaisha, ataachiwa atoke shamba la pamba alikolazimishwa kulima, arudi kwenye mtama wake ulioanza kumezwa na magugu. Isipochambua, Nurdini atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano.

Vipande vilipofika, Akida alikipima kila kimoja kwa ufito wa kupimia alioachiwa na Mdachi.

"Kimezidi punje moja ya mtama. Na hiki, punje. Punje ni nini?"

Nurdini alivipanga vitano vya upande mmoja, kimoja juu ya kingine, jinsi vitakavyokaa vikibeba gogo la juu, akausimamisha ufito pembeni.

"Bwana Akida, punje tano ni kidole. Magogo mawili yataachana, mbegu zitapita pamoja na pamba."

Akida alicheka mpaka kofia ikapinda. Alikuwa amewahi kukaa Lindi miezi mitatu, basi hapakuwa na elimu iliyompita.

"Makosa hayaendi upande mmoja, fundi. Huyu huzidisha, yule hupunguza, mwisho yanafutana."

"Yangefutana kama kila mtu angekosea kivyake. Hawa wote wamepimia kamba moja, na kamba yenyewe imevutwa ikarefuka. Nani aliyepunguza?"

"Vipande nimevipima mimi. Ukivitia msumeno, umenitukana."

Nurdini aliviunganisha kama vilivyo. Moyoni alimwona Shamte kuwa debe tupu, na hakujitaabisha kuficha uso wake.

Ijumaa Bwana Mdachi alifika na kiti chake cha kukunja. Gogo lilizungushwa, pamba ikaingia na mbegu zake, ikatoka na mbegu zake zote. Shamte alitokwa na jasho, akasema fundi ameiunganisha vibaya. Mdachi alimnyooshea kiboko Nurdini, kisha akakielekeza chini.

"Naomba msumeno kwanza," Nurdini alisema.

Aliteremsha gogo, akapunguza unene wa kidole kwenye vipande viwili vya juu, kimoja kila upande, akalirudisha. Haikuchukua muda wa kuchemsha uji. Pamba ikapita nyeupe, mbegu zikadondokea upande wa pili. Mdachi alimpa Shamte mkono, na Shamte aliupokea kana kwamba msumeno ulikuwa wake. Nurdini hakujali. Alikuwa amefurahi kupita kiasi, kwa sababu alikuwa sahihi na watu wameona.

Mdachi alipoondoka, Nurdini alimfuata Akida kudai ahadi.

"Mkeo?" Shamte alishangaa kweli. "Fundi, zamani tulilima kidogo kwa kuwa kuchambua kwa vidole kulichelewesha. Sasa tunapanua shamba mara mbili. Nitamwachiaje mtu? Waambie na majirani zako wajiandae kulima."

Jioni Nurdini alimsimulia mkewe yote, na hata hapo alianza na kamba na zile punje, jinsi alivyomshinda Shamte kwa hoja. Mwanaisha alikuwa anatoa miiba ya pamba vidoleni. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Zena," alisema, "mbao kumi umezipima mpaka punje. Mtu mmoja hukumpima."

Mwanaisha alizima moto akaenda kulala, maana kengele ya shamba ilikuwa inagongwa alfajiri.