Maji Niliyochemsha Kwangu Tu

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa mapokezi katika ofisi ya maji, Mpanda mjini. Nilipokea malalamiko: bomba limepasuka, maji hayapandi mtaa fulani, koki imeng'olewa. Majirani waliniita "mtu wa maji", na jina hilo lilinipendeza kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Masika moja mvua zilikata reli, na dawa ya kutibu maji ikakwama njiani. Maji yakaanza kutoka bombani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mkuu wetu akatuita.

"Msiwatie watu hofu," alisema. "Tukifunga, watakunywa ya madimbwini."

Hakuna aliyembishia, nami sikumbishia. Nilirudi nyumbani, nikabandika sufuria, nikawachemshia wanangu maji ya kunywa, kisha nikayachuja kwa kitambaa.

Kesho yake nilikuwa kwenye foleni ya bomba la mtaani. Mbele yangu alisimama jirani yangu, bibi wa Kisukuma aliyehamia kutoka Kasansa, anayelea mjukuu wa miaka mitatu. Alichungulia ndoo yake.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa maji. Haya yanafaa kunywa?"

Foleni nzima ikanigeukia. Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja: chemsheni.

"Ni tope la mvua tu, mama. Kunyweni."

"Mmesikia nyie?" akawaambia wenzake. "Mtu wa maji kasema."

Siku ya tatu aliingia jikoni kwangu bila hodi. Mjukuu alikuwa akiharisha tangu alfajiri, na yeye hakuwa na sukari ya kumtengenezea maji ya chumvi na sukari. Alinikuta nachuja. Sufuria bado ilitoa mvuke, na kitambaa kilikuwa kimeshika tope. Alikitazama, akautazama mtungi wangu uliofunikwa vizuri.

"Hayo ni ya kuoga?" aliuliza taratibu.

Mpaka leo naamini alikuwa ananisitiri. Nami nikakubali kusitiriwa.

"Ndiyo, mama. Ya kuoga."

Nikampimia sukari, akashukuru, akaenda. Nilibaki nimeshika kijiko. Yule mtoto angekorogewa sukari yangu kwenye maji yaleyale yaliyomwangusha, na mimi nilikuwa na mtungi mzima wa maji safi, ila kuyatoa ilikuwa kukiri. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha nikajaza jagi, nikamkimbilia.

"Mchanganyie haya. Nimeyachemsha." "Nilijua, mama. Tangu siku ile bombani nilijua."

Alipokea jagi bila kunitazama. "Mtoto kwanza," alisema.

Tulimpeleka hospitali pamoja, mimi nikimbeba mtoto mgongoni, naye akitembea nyuma. Mtoto alitundikiwa dripu, akalazwa siku nne, akapona.

Asubuhi baada ya mtoto kulazwa nilikwenda bombani, nikawaambia watu wote wachemshe, na kwamba nilikuwa nimewadanganya. Mkuu angenifukuza, sikujali tena. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga akaniuliza, "Na juzi ulikuwa wapi?"

Bibi alikuwepo, amekuja kuchota ya kumfulia mgonjwa. Nilingoja aseme lolote, hata anitukane. Alisogeza ndoo yake chini ya bomba, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika.