Koo la Ditram

Ditram hakuwahi kununua mbuzi kwa bei aliyotajiwa. Alizaliwa Kidete. Babu yake alikata mkonge, baba yake akapiga nyundo relini, yeye akaapa kwamba mgongo wake hauuzi, atauza mdomo. Alipohamia Mikumi, mdomo huo ukamjengea nyumba ya bati na kumsomesha binti.

Mtaji wake ulikuwa mchezo mmoja. Muuzaji akitaja bei, Ditram anajishika koo kwa mikono miwili, anatoa macho, anapiga magoti vumbini kama mtu anayenyongwa. Mnada mzima unacheka. Muuzaji naye akicheka, kwisha habari yake, atapunguza. Sisi madalali wenzake tulimwonea wivu.

Mama mmoja wa Kimasai, Naserian, alipunguzishwa hivyo mwaka jana, mumewe akamsimanga hadi mvua zikaisha. Safari hii alikuja na beberu mnono na uso mkavu. Ditram akamfuata huku anatafuna nyama ya kwa Yunis, mchoma nyama. Akampapasa beberu mbavu, akadai amekonda. Naserian akataja bei.

Ditram akaangua kicheko, nyama ingali mdomoni. Kisha akajishika koo, akatoa macho, akapiga magoti.

Tukacheka. Kuna waliopiga makofi.

"Kufa tu, baba," Naserian alisema. "Bei ni ileile."

Siku zote katika mchezo ule alilalamika, "Yeyo, mama yangu, unaniua." Siku ile hakutoa sauti. Yunis ndiye aliyeona midomo yake inageuka rangi ya ini, akatupa kisu, akaja mbio. Akamnywesha maji, yakamwagikia kifuani. Akaingiza vidole kooni kutafuta asichokiona, akaisukuma nyama ndani zaidi. Ditram alipolala chini, waliokuwa nyuma walikuwa bado wanacheka.

Tabibu tuliyempelekea alikuta maiti. Akauliza nani alimpiga kwa kiganja katikati ya mabega, nani alimkumbatia kwa nyuma akambana tumbo juu ya kitovu. Hakuna. Akatuambia kwamba anayelalamika bado anapumua. Wa kukimbiliwa ni aliyenyamaza. Tulikuwa watu kama arobaini pale mnadani.

Kesho yake kaka yake Ditram alitafuta mbuzi wa msiba. Mnono ambaye hakuuzwa mnadani alikuwa yule wa Naserian, basi akamfuata bomani kwake. Naserian akampa pole, akataja bei ileile. Kaka mtu akaanza kunung'unika kwamba huu ni msiba, apunguziwe.

"Marehemu ameshajaribu," alijibiwa.

Akalipa, akamkokota beberu.