Triko katika Mji wa Jua

Binti yangu alipopata kazi ya nyumbani katika mji mmoja wa Waarabu, mji uliojengwa jangwani, kitu cha kwanza tulichogombania nyumbani kwetu kilikuwa nguo. Hatukugombania chakula, wala mlango atakaoingia, wala watu atakaowakuta nyuma ya mlango huo. Leo nikikumbuka najiuma kidole. Lakini mimi ni fundi wa kushona, na kila nikiogopa kitu mikono yangu hutafuta kitambaa.

Tunakaa Kamina, katika zile nyumba za zamani za reli. Marehemu mume wangu alikuwa akilinda stesheni usiku. Alipokufa aliniachia mtoto huyu mmoja, mama yake mzazi, ambaye mtoto humwita kambo, yaani bibi, na triko moja ya sufu, rangi ya buluu nzito, iliyochakaa viwiko. Triko ndiyo sweta, kwa sisi watu wa huku. Hiyo triko mama mkwe wangu aliikunja akaiweka chini ya mto wake, na hakuna aliyethubutu kuiomba.

Mtu aliyemtafutia binti yangu kazi alikuwa jirani wa jirani, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Alikuja kukaa sebuleni kwetu, mvua inapiga bati mpaka tunasemezana kwa kupaza sauti. Nilimuuliza hali ya hewa ya kule. Akacheka.

"Kule mvua haiko, mama. Iko jua tu, mwaka muzima."

Mama mkwe alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, pembeni. Akainua kichwa, uso umembadilika.

"Jua mwaka muzima? Basi iko baridi mwaka muzima. Mutoto atakufa na baridi!"

Asiyekaa huku atamcheka. Kwetu mvua hukatika mwezi wa tano, na tukisema jua limeingia maana yake ni kwamba baridi imeingia. Mwezi wa sita na wa saba mbingu ni safi, hakuna wingu hata la dawa, na asubuhi watoto wanakwenda masomo, yaani shuleni, wakitoa moshi mdomoni. Joto letu liko kwenye mvua. Mama mkwe, aliyezaliwa kwenye mashamba ya upande wa Kabongo, hajawahi kuona jua lingine. Ukimwambia mahali pasipo mvua kabisa, yeye anaona mwezi wa saba usiokwisha, na mbabula, jiko letu la makaa, imewekwa katikati ya nyumba mpaka Noeli.

Binti yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Kambo, weye unachekesha! Désert iko moto, tulisoma ile ku masomo."

"Masomo yako ilisha kulala kule?"

"Hapana, kambo."

"Basi nyamaza. Minyi njo nilizaa baba yako."

Mimi nilikuwa upande wa binti yangu, na nilishona kwa ajili ya joto. Nilitafuta pamba nyepesi, nikashona magauni marefu, mapana kwapani ili hewa ipite, yenye mikono mpaka kwenye kiganja maana tuliambiwa kule mwanamke hujifunika. Moja lilikuwa na maua madogo ya njano. Nililifanyia mifuko miwili ya ndani, na kola nikaifumua na kuirudia mpaka ikakaa. Nikashona vitambaa vya kichwa vya kuzuia vumbi. Kisha yule bwana wa viatu akasema kule pia kuna miezi, mwisho wa mwaka na mwanzo wake, ambapo jioni hupoa kidogo, basi niongeze kitu cha mikono mizito. Hapo nikakwama.

Sikukosa kitambaa. Tatizo lilikuwa kwamba binti alikuwa ameniahidi atajaribu tu, na kama pabaya atarudi kabla ya Noeli. Nilitaka kitu kimoja tu, arudi. Nikimfungia nguo za joto peke yake, nimekubali aondoke kwa msimu mmoja. Nikitia na za mwisho wa mwaka, nimekubali kukaa bila yeye mwaka mzima. Nililikata lile gauni zito, nikalishona, nikalitia ndani ya valizi, sanduku lake la safari, huku nimekasirika, sijui namkasirikia nani. Nilimfokea mtoto kwa sababu ya kandambili.

Siku ya safari yule bwana aliinyanyua valizi kwa mkono mmoja, akatikisa kichwa, akasema ni nzito mno. Samaki wakavu wa Mulongo ndio walitoka kwanza. Mama mkwe naye akaja na triko mikononi. Bwana akasema valizi imejaa.

"Basi aivale," mama mkwe akasema.

Na binti yangu aliivaa. Joto la mvua lilikuwa limetushika koo, watu wote wanajipepea, na yeye amesimama karibu na basi la Lubumbashi ndani ya sufu ya baba yake, mikono imempita vidole, jasho linamtiririka shingoni. Wapiga debe wakamtania kwamba anakwenda Ulaya kwa miguu. Niliona haya, nikamnong'oneza aivue. Akanijibu polepole, "Acha, mama. Nitaivua ku Lubumbashi. Kambo anaangalia." Mama mkwe alikuwa anaangalia kweli, mikono imeshika kiuno, ameridhika. Basi likaondoka.

Baadaye tulikuwa tunapata sauti yake, aliyoirekodi na kututumia kwenye simu, siku za Ijumaa tu, maana mama mwenye nyumba ndiye aliyeshika simu yake na kumpa siku hiyo. Sauti zenyewe zilikuwa fupi. Niko muzima. Musiwaze. Musalimie kambo. Nilizisikiliza nikishona, nikazirudia, nikajiambia mtoto amechoka, kazi ni kazi.

Jua lilipoingia Kamina, nami nimejifunika kitenge juu ya kitenge mbele ya mbabula, mteja mmoja akanionyesha kwenye simu yake kwamba katika miji ile joto la miezi hii linaangusha watu barabarani. Nilianza kuwaza magauni yangu. Je, ile pamba ilikuwa nyepesi vya kutosha? Je, lile la maua linambana kwapani? Nikamtumia sauti, nikamuuliza kuhusu joto. Mama mkwe akaninyang'anya simu, akauliza triko iko wapi.

Ijumaa jibu likaja. Sauti ilikuwa ya chini.

"Ambia kambo alikuwa na haki. Huku iko baridi. Triko ya papa njo ninavala kila siku."

Mama mkwe alipiga vigelegele. Aliita majirani, akawaambia watu wa masomo wamejua leo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nilicheka naye kidogo, kwa kuwa ni furaha kumwona mzee akishinda. Walipotawanyika nikasikiliza tena. Nyuma ya sauti ya mtoto kulikuwa na ngurumo, kama mota isiyopumzika. Nikampigia kabla hajanyang'anywa simu.

"Baridi gani hiyo mu désert?"

"Iko klimatizere, mama. Ile mashini ya kuleta baridi. Inatembea muchana na usiku, mu nyumba yote. Minyi nalala chini yake, pa kufulia nguo. Banakatala nizime."

"Na ukitoka inje?"

"Sitoki inje, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilifika. Mulango banafunga na funguo. Jua minaionaka tu mu dirisha."

Mtoto wangu alikuwa amekwenda katika mji wa jua, na jua lenyewe halijamgusa hata kidole. Niliogopa, na bado naogopa, na sioni haya kulisema.

Nilikwenda kwa yule bwana asubuhi yake. Alinisikiliza akifuta kiatu. Akasema mkataba ni wa miaka miwili, neno ambalo halikutajwa sebuleni kwangu, na kwamba mtoto wangu ana bahati, wenzake wanaungua nje. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kuyasema, akina mama wa sokoni wakanishika mikono. Tangu siku hiyo nikifika kwake naambiwa amesafiri. Nimekwenda kwa padri, nimekwenda ofisini, na kila mahali wananipa pole na kiti cha kungojea.

Mama mkwe sijamwambia. Kila jioni anamwuliza mtu yeyote anayepita kama anamjua msafiri, kwa kuwa ameanza kufuma soksi nzito za kumpelekea mjukuu.

Ijumaa iliyopita nilimwuliza binti yangu jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa.

"Na zile robe nilikushonea?"

"Iko mu valizi, mama."

"Hata ile ya maua?"

"Yote iko mpya," akasema. "Yote."

Mteja akiniambia nguo niliyomshonea bado mpya, huwa nashukuru na kumpunguzia bei ya inayofuata. Safari hii niliogopa kwamba simu itachukuliwa kabla sijasema kitu.

"Basi acha ibakie mpya," nikamwambia. "Utakuya kuivala huku."

Niliisikia ile mashine tu.