Gari la Dizeli na Baridi ya Nyololo

Gari langu lilizaliwa Japani, likakulia Dar es Salaam, na mimi nililinunua likiwa limeshazeeka. Ni pikapu ya dizeli, mlango wake mmoja haufungi mpaka uubamize. Kaka yangu anayeishi Mafinga alipoliona tu akaliita mkweche, nami nikamnunia wiki nzima. Ninauza vitenge soko la Mwanjelwa, Mbeya, na kwa miaka mingi nilibeba marobota yangu kwa magari ya watu, nikisubiri waniambie kama leo wana nafasi au hawana. Kwa hiyo aniambie mtu chochote, mimi nilikuwa natembea kifua mbele.

Nililinunua Januari. Juni ilipoingia na baridi yake, likaanza kunitia aibu. Asubuhi nikipiga stata linazunguka vizuri, betri ina nguvu, lakini haliwaki. Mchana, jua likishapiga boneti, linawaka mara moja kana kwamba halijawahi kuniudhi. Fundi mmoja aliniambia hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Akabadilisha filta, akapampu kwa mkono mpaka hewa ikaisha, likawaka. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo lingewaka hata bila yeye, lakini nikaamini limepona kwa sababu nilitaka kuamini.

Na nilikuwa na sababu. Mama yangu mdogo ni mtawa, na Jumamosi moja ya Julai alikuwa anaadhimisha yubile ya miaka hamsini ya nadhiri zake, kule Tosamaganga. Siku ya nadhiri za kwanza mama hakwenda. Alikuwa na uchungu wa kunizaa mimi. Huwa anasema alisikia kengele ya kigango asubuhi ile, akalia kwa mambo mawili kwa pamoja. Safari hii watawa walimwomba yeye, kwa kuwa wazazi wao walishafariki na wengine wote wametangulia, amsindikize mdogo wake kutoka mlango wa kanisa hadi altareni. Misa ilikuwa saa nne. Kaka alisema atakwenda Nyololo kumchukua mama. Nikakataa katakata. Mama atapanda gari la binti yake, nikamwambia, tena jaza wakwe zako humo kwako usiwe na wasiwasi.

Ijumaa mchana nikashuka kutoka Mbeya nikiimba njia nzima. Mama alinipokea uani kwake, akalizunguka gari lote, akalipapasa boneti na kusema ni zuri. Sikulala vizuri kwa furaha.

Alfajiri majani yote ya uani yalikuwa meupe kwa barafu. Mama alikuwa ameshakaa garini, kitenge cha yubile chini, sweta mbili juu, kapu mapajani. Nikapiga stata. Likazunguka. Nikapiga tena, likazunguka tena, moshi mweupe ukatoka nyuma, na hakuna kilichowaka. Majirani waliokuwa wakienda shamba wakatusaidia kusukuma. Tukateremka nalo mpaka ukingoni mwa barabara kuu, likakohoa mara mbili likanyamaza. Majirani wakapangusa mikono, wakatuombea heri, wakaenda zao.

Hasira zikanipanda. Nikalipiga teke tairi, kidole kikaniuma, hasira zikazidi. Mama alisema kwa upole nimpigie kaka yangu. Hilo ndilo neno nililokuwa naliogopa kuliko yote, lakini nikapiga. Alikuwa ameshapita Ifunda, mbele kabisa ya Mafinga, na masufuria ya karamu, na gari limejaa wakwe, kama nilivyomwagiza. Mabasi ya kutoka Mbeya hufika Nyololo jua likiwa limeshapanda. Hata tungepata viti, Misa ingekuwa imeanza. Nikamtazama mama, mikono juu ya kapu, macho barabarani. Nikajisemea: mara ya kwanza nilimzuia bila kujua. Leo je?

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bwana mmoja mwenye pikapu iliyobeba mbao, dizeli kama yangu na kuukuu kuliko yangu. Nilivuka nimwombe atuvute. Alimwamkia mama kwa mbali, "Kamwene," kisha akaingia garini kwake. Alizungusha ufunguo nusu, akatulia. Kwenye dashibodi iliwaka taa ndogo ya rangi ya chungwa. Ilipozimika ndipo akapiga stata, na gari likawaka papo hapo, kwenye baridi ile ile!

Nikamuuliza alikuwa anasubiri nini.

"Hita, dada. Dizeli bila kupasha moto asubuhi hapa kwetu haiwaki."

Nikamwambia langu halina hita, sijawahi kuona taa hiyo.

"Kama ni la dizeli la umri huo, linayo. Labda kuna mtu aliikata."

Nilirudi mbio, naapa, mimi na miaka yangu hamsini. Nilijiwa na kila kitu kwa mkupuo: mchana linawaka, alfajiri haliwaki, moshi mweupe unaonuka dizeli, maana yake mafuta yanafika, ila hayapati joto la kuwaka. Hewa haikuhusika hata kidogo. Nikafungua boneti, nikamulika kwa simu. Ubavuni mwa injini kulikuwa na plagi nne nyembamba, zimeunganishwa kwa kipande cha bati. Waya wa kuzipelekea umeme ulikuwa umekatwa, ncha yake imeviringishwa tepu nyeusi kwa ustadi kabisa. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kule Dar nani anahangaika na hita? Kule injini inaamka na jasho. Mtu alikata waya, gari likaendelea kuwaka miaka yote, mpaka likapandishwa huku kwetu.

Yule bwana alivuka akatazama, lakini alikuwa anauwahisha mzigo wake. Aliniachia waya wake wa kubustia betri, akanionyesha: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine niigusishe kwenye bati lile, nihesabu hadi ishirini, stata ipigwe, na waya usiguse chuma kingine chochote. Akaondoka. Sasa mimi ninashika waya, nani anazungusha ufunguo?

Mama hajawahi kushika usukani maishani mwake. Nilihakikisha gia iko huru na hendibreki imevutwa, nikamhamishia kiti cha dereva na kitenge chake cha yubile. Akauliza, "Nikiliharibu?"

"Limeshaharibika, mama. Nikisema sasa, zungusha, usiachie."

Nikagusisha waya, cheche zikaruka, nikahesabu. Sasa! Gari likatetemeka, mama akashtuka akaachia. Nikahesabu upya. Safari hii nilimwona kupitia kioo, midomo ameibana, ufunguo ameung'ang'ania kwa mikono miwili. Likakohoa. Silinda moja ikashika, ya pili ikafuata, moshi ukafunika barabara, na katikati ya moshi likanguruma! Nikatupa waya nikarukaruka. Mama alipiga vigelegele vya kuiamsha Nyololo nzima, na ufunguo bado kaukamata, mpaka nikamwomba auachie.

Sijawahi kuendesha kwa raha kama asubuhi ile. Jua lilitukuta kwenye misitu ya misonobari, Mafinga tukaipita bila kusimama, na mama alikuwa akijisimulia mwenyewe tena na tena jinsi alivyozungusha ufunguo. Tulipoiacha lami kuelekea misheni tulianza kusikia kwaya, nikaogopa wameshaingia.

Hawakuwa wameingia. Maandamano yalikuwa yamepangwa mlangoni, askofu, mapadre, watawa, watoto wa kanisa na vikapu vya maua, na mbele yao mama mdogo na mshumaa wake, shingo ameigeuza kutazama barabara. Kaka alinipokea, akayaona mafuta meusi mikononi mwangu, akanipa leso yake nijifute. Mama alishuka, akavua sweta moja, akaenda moja kwa moja kusimama kando ya mdogo wake. Walishikana mikono.

Nyonga ya mama ni mbovu, anatembea polepole sana. Kwaya ilimaliza wimbo kabla hawajafika hata katikati ya kanisa, ikaanza mwingine. Mama mdogo alifupisha hatua zake zilingane na za dada yake, na askofu, mapadre na watu wote nyuma yao wakafupisha za kwao. Nilisimama nyuma kabisa, nikilia waziwazi, na hakuna aliyewaharakisha.