Gyrid Aliyewanyonyesha Wana wa Mfalme

Gyrid, mke wa Bård fundi mapipa, aliujua ukoo wa mfalme kwa harufu kabla ya kuujua kwa heshima. Mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa mchanga kabisa, na maziwa yalikuwa bado yanamjaa kifuani. Watu wa mfalme hawakungoja hata machozi yakauke. Walikuja kumchukua akamnyonyeshe Erling, mwana wa malkia. Hajamwachisha ziwa, akaletewa wa pili, Toralv, ambaye mfalme alimzaa na msichana mmoja mchemsha chumvi.

Aliwalea wote wawili, huyu ziwa hili, yule lile. Baba yao alipita mara mojamoja, mafuta ya kondoo yakimchuruzika ndevuni, akawatazama kama mtu anayekagua ndama sokoni.

"Huyu ndiye yupi?" aliuliza kila alipokuja, huku akijifuta vidole kwenye blanketi lao. Kabla Gyrid hajajibu, alishaondoka.

Wavulana walipopata nguvu za kushika upinde walipelekwa kulelewa na mabwana wa mashambani, kila mmoja upande wake, na huko walifundishwa kuchukiana. Gyrid akarudi kwetu gatini, kwa mumewe.

Mfalme alikufa katikati ya kiangazi, baada ya karamu. Wanawe wakaja na meli zao na watu wao. Kila mmoja alitaka kutembea mbele ya jeneza, maana waliamini atakayeonekana pale ndiye atakayetangazwa mfalme na mkutano wa wananchi. Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Basi maiti ikaachwa ukumbini, wao wakahamia ghala la bia wakaendelea kunywa. Harufu ikafika hadi kwetu.

Wajakazi wa ukumbini walipokimbia, ndipo Gyrid akaitwa. Alikwenda na siki na matawi ya mreteni ya kufukiza. Alipofungua mlango, inzi walimpiga usoni kama changarawe. Mfalme alikuwa amevimba, ngozi imekuwa ya kijani, pete zimezama vidoleni. Kidole kimoja hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa, tena vibaya, kama mtu aliyekuwa na haraka.

Gyrid alitapika kwenye nyasi za sakafuni. Akafuta mdomo, akamwosha mfalme mpaka akamaliza. Kisha akaenda ghalani bila kunawa mikono.

"Mama yetu huyo!" Toralv akainuka na kikombe. "Njoo, kaa hapa. Mwambie huyu, mzee wetu alimpenda nani."

"Akupende wewe?" Erling akacheka. "Wewe uliokotwa kwenye sufuria ya chumvi, kaka. Mzee hata jina lako hakulijua."

"Na lako je? Alimwita mbwa wake Erling, ukija wewe anakutupia mfupa!"

Ghala zima likaangua kicheko.

"Nani kamkata baba yenu kidole?" Gyrid aliuliza.

Vicheko vikakatika. Erling alipeleka mkono shingoni, akaifunika pete iliyoning'inia kwenye kamba.

"Mama, hii ni pete ya ufalme. Isingeweza kuachwa kwenye..."

"Kwenye nini? Malizia."

"Kwenye mzoga," akasema, macho chini.

"Baba yenu analiwa na funza mlango wa pili, na nyinyi mnateua minofu. Nimewafuta mavi wote wawili, sikuwahi kuona kinyaa. Leo nawaonea kinyaa."

Toralv akamshika mkono kwa upole, bila kujali uchafu wa maiti uliokuwa mkononi mwake.

"Sawa, mama. Lakini wewe unaonaje, nani atangulie?"

Gyrid akauchomoa mkono wake, akatoka.

Alimleta Bård. Wakamlaza mfalme jenezani, na jeneza lilipoanza kufumuka kwa uvimbe wa maiti, Bård akalibana kwa pete za chuma za mapipa. Wakalipakia kwenye mkokoteni wa samaki, wakausukuma wao wenyewe hadi kanisani, padri akiwafuata na kitambaa puani. Kengele ilipolia, ndugu wawili wakaja mbio. Walisukumana mlangoni mpaka Erling akaanguka, watu wao wakachomoa panga, na mtu mmoja akakatwa sikio juu ya kaburi lililokuwa wazi mle ndani. Gyrid alichukua koleo, akaendelea kufukia.

Mwishowe askofu aliwatawaza wote wawili, nusu kwa nusu. Kwa furaha walimpelekea Gyrid joho jekundu la marehemu.

"Baridi inakuja, mke wangu," Bård alisema akilipapasa. "Kitambaa kizito hiki."

"Linanuka."

"Mimi sisikii kitu."

"Basi vaa wewe."

Bård alilivaa. Kila Jumapili alikwenda nalo kanisani kifua mbele, na Gyrid akatembea upande wa pili wa njia.