Makopo Thelathini ya Kwenda Mbeya

"Shangazi, mashine hii mbona huiuzi?"

Nilimwuliza hivyo shangazi yangu Benedicta mwaka 1954, nikiwa darasa la tatu. Mashine yenyewe ilikuwa imebanwa kwenye ukingo wa meza yake, nyumbani kwake nje kidogo ya Iringa. Ilikuwa chuma kizito chenye mkono wa kuzungusha na kigurudumu cha kukunja mdomo wa kopo, nayo ilifunikwa kitambaa cha maua, utadhani mgonjwa. Chini yake palikuwa na kibuyu cha ulanzi kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Shangazi alinitazama, akatazama kibuyu, akasema, "Nenda kachote maji."

Mtungi ulikuwa umejaa pomoni.

Benedicta alikulia kwenye mianzi. Msimu wa mvua, asubuhi na jioni, alikata ncha ya mwanzi mchanga, akafunga mbeta, kile kikombe cha mwanzi, na ulanzi ukadondoka humo wenyewe. Ukiunywa siku hiyohiyo ni mtamu, hata mtoto hupewa. Ukiuacha unajichemsha bila moto, na baada ya siku chache mwanamume mzima anaomba mkono wa kumwinua.

Siku alipoolewa yeye, kibuyu cha ulanzi ambacho mama yake aliwapelekea wakwe kilipasuka njiani. Kwa wakwe kikafika kipande cha shingo na unyevunyevu. Walimpokea, lakini walimpokea kwa jina: Mkavu. Kuni zikikataa kuwaka, mama mkwe alisema, "Mpeni Benedicta azishike, yeye ndiye mkavu." Miaka kumi na mmoja ilikuwa hivyo, mpaka mama mkwe alipokufa. Kwa hiyo binti yake Juliana alipochumbiwa na Asukile, mwashi wa Mbeya, na harusi ikapangwa kufanyika hukohuko Mbeya baada ya Pasaka, Benedicta aliapa kwamba ulanzi wa kwao ungefika mezani kwa wakwe. Mwanawe hataitwa Mkavu.

Tatizo la kwanza lilikuwa Yotamu, kondakta wa basi.

"Kibuyu hakipandi, mama. Juzi kimoja kimewaogesha abiria na mifuko ya barua. Lete chombo kilichofungwa. Nikigeuza juu chini, lisidondoke tone."

"Na watoto wanaokojoa, nao unawageuza juu chini?"

"Watoto wana tiketi, mama."

Benedicta akarudi nyumbani anaongea peke yake. Kesho yake akaanza kutafuta chombo.

Akaanza na debe. Timotheo, fundi bati, alilifunga kwa risasi ya kuyeyusha, akalipiga kofi na kusema hata shetani asingetoka humo. Kweli halikuvuja. Lakini debe lilikuwa la mafuta ya taa, na lilioshwa kwa majivu mara nne bila kusahau lilikotoka. Ambrosi, mumewe, alionja funda moja akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama Juliana, huu ulanzi ukikohoa karibu na jiko, tutazika watu."

Zikafuata chupa. Timotheo alikuwa na kifaa cha kugandamiza vizibo, na chupa za bia zilipatikana klabuni. Benedicta alijaza sita, akazifunga kwenye baiskeli, akamwamuru Ambrosi aendeshe hadi mtoni na kurudi. Njia hiyo ya mawe Ambrosi aliibatiza Barabara ya Mbeya. Alirudi na chupa mbili, suruali imelowa na uso umekunjamana.

"Moja imepasukia Makambako," akasema, "tatu zimepasukia Chimala. Mimi mwenyewe nimeponea Mbalizi, na huko ni kuipita Mbeya yenyewe!"

"Uliendesha kama mwizi!"

"Niliendesha kama basi."

Basi, ndipo Timotheo alipomletea habari ya mashine. Mzungu mmoja mwenye shamba alikuwa anahama na kuuza vitu vyake, na mkewe alikuwa akifungia nyanya na pichi kwenye makopo. Ipo mashine, yapo makopo matupu, vipo vifuniko vyake. Unaweka kifuniko, unabana, unazungusha mkono, mdomo wa kopo unajikunja kama pindo la kanga. Benedicta aliizungusha mara moja tu, akaipenda. Akatoa mbuzi jike wawili.

"Mbuzi wawili!" Ambrosi alisema. "Mbuzi wanazaa. Hii itazaa nini?"

"Itanyamazisha watu."

Haikumnyamazisha mtu. Makopo kumi ya kwanza aliyafunga vizuri kabisa, akayapanga kwenye kichanja, akalala akiwa na furaha. Siku ya pili yalikuwa yamevimba vifuniko. Siku ya tatu Ambrosi alikuwa akila chakula nje huku akiyatazama kwa mbali. "Mama Juliana, njoo uone, wajawazito wako wanakaribia." Hakuwa amemaliza kusema kopo la kwanza likajifungua, kifuniko kikaruka na kumkosakosa jogoo. Jogoo yule hakupita tena upande huo wa nyumba.

Benedicta alilia kwa hasira. Kisha akapangusa uso, akaketi chini, akafikiri kama mtu wa mianzi. Ulanzi aliufunga ukiwa wa siku mbili, bado unajichemsha. Nani humfungia mtu mlango akiwa katikati ya ugomvi? Akaujaribu wa siku nne, wa tano, wa sita. Kila kopo alilipiga kwa ukucha akisikiliza. Akagundua kwamba ukiuacha mpaka utulie, na usijaze kopo hadi mdomoni, kifuniko kinainuka kidogo kisha kinatulia. Akampelekea Yotamu moja. Yotamu aligeuza juu chini, akatikisa, akalibusu.

"Hili lina tabia njema kuliko abiria."

Makopo thelathini yalipanda basi yakiwa kwenye kreti mbili zilizojazwa nyasi. Safari ilikuwa siku mbili. Basi lilikwama matopeni mara tatu, na kila abiria walipoteremka kusukuma, Benedicta alizunguka nyuma kuhesabu makopo yake. Ambrosi alisukuma, akateleza, akasema siku zote alijua atafia kwenye ulanzi, ila alifikiri angekuwa ameunywa.

Ulifika.

Siku ya harusi, baada ya misa, makopo yalipangwa safu tatu mbele ya wazee, yanang'aa. Benedicta alisimama kando yake kama mama wa mapacha. Isakwisa, baba mkubwa wa Asukile na msemaji wa upande wao, aliinuka na fimbo yake.

"Mkwe, tumeambiwa kuna ulanzi."

"Ndio huu, mkwe."

"Mimi naona mabati."

Watu wakacheka. "Umo ndani," Benedicta alisema.

"Haya. Na nani ameonja?"

Hapo Benedicta akayatazama makopo yake. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni, huku na kwao ni ileile. Aletaye pombe hunywa kwanza mbele ya macho ya wageni, ionekane kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Miezi mitatu alikuwa ameshughulika na risasi, vizibo na vifuniko, na jambo hilo halikumpitia kichwani hata siku moja.

"Nimeonja kabla ya kufunga."

"Hatukukuona, mkwe."

Akachukua kisu, akatoboa kopo la kwanza. Likapiga chafya, povu likatua kwenye koti la Isakwisa. Benedicta akanywa funda.

"Hilo tumelikubali," Isakwisa alisema akijipangusa. "Na hili la pili?"

"Yote yametoka chombo kimoja!"

"Sawa. Lakini kila moja limesafiri na mlango wake."

Akatoboa la pili, akanywa. La tatu. La nne. Ambrosi akamsogelea sikioni. "Mama Juliana, yamebaki ishirini na sita. Utaanza kuimba kabla ya kwaya."

Benedicta akamtazama Juliana. Bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea vidole. Nyuma yake bibi wawili walikuwa wananong'onezana, na Benedicta hakuhitaji kusikia. Jina lile lilikuwa karibu kutoka.

"Leteni chungu!" akapaza sauti. "Kikubwa kuliko vyote mlivyo navyo, leteni hapa!"

Kikaletwa, wanawake wawili wamekishika. Benedicta akatoboa makopo yaliyobaki kwa kisu, moja baada ya jingine, povu mpaka kwenye kiwiko, akamimina yote mpaka la mwisho. Akachota kata moja, akainua wote wamwone, akanywa mpaka tone la mwisho, akachota tena, akamkabidhi Isakwisa ile kata.

Isakwisa alikunywa, akafumba macho, akaketi. "Sasa," akasema, "huu ndio ulanzi."

Walikunywa wakaumaliza, na bibi wawili wale walikuwa wa kwanza kurudia. Makopo matupu yaligombaniwa na wanawake wayatumie kupimia maharage sokoni, hata moja halikurudi Iringa. Wakati wa kuagana Isakwisa alimshika mkono kwa upole kabisa.

"Mkwe, ulanzi wako hauna mfano. Siku nyingine lete kwenye kibuyu tu, usijisumbue na mabati."

Ambrosi alicheka kuanzia Mbeya mpaka Chimala.

Mwaka huu wa 1958 Juliana alikuja kusalimia na mtoto wake wa pili. Huko Mbeya, alituambia, bado wanamwita shangazi Mama Makopo. Nimo darasa la saba sasa, na mashine ipo palepale, kitambaa kimebadilishwa. Nikauliza tena. Ambrosi akadakia kutoka nje, "Ndiyo, mwambie auze tupate mbuzi!"

Safari hii shangazi hakunituma maji.

"Nikiiuza, nitabaki na hadithi ya huyo peke yake, kwamba nilizunguka dunia nzima nikarudi kwenye chungu. Hii ndiyo shahidi wangu. Siku mbili barabarani, matope mara tatu, na Isakwisa hakuuliza ulanzi ulifikaje. Hata padri aliyefungisha ndoa hakuuliza. Haukumwagika, mwanangu. Hata tone."